Mkwe Aliyekataliwa na Ndui

Mume wangu Ezati ana uso wenye mashimo, na kwa miaka mingi uso huo ulikuwa mali yetu kubwa kuliko shamba la mihogo. Watu wengine hutembea na vyeti. Yeye alitembea na mashavu. Akifika mahali akaketi, aligeuza kichwa kidogo upande wa mwanga ili kila mtu aone vizuri, kisha akangoja aulizwe. Asipoulizwa, alijiuliza mwenyewe.

"Nyinyi naangalia uso yangu?" alikuwa akisema. "Hii ni ndui. Alikuja, akanionja, akanitema."

Kwetu Midia, upande wa Koboko, maneno hayo hayakuwa ya mchezo. Mtu aliyepona ndui alikuwa mtu wa kazi maalumu. Nyumba ikiingiwa na ugonjwa huo, wengine wote walikimbia na mbuzi wao, na yeye ndiye aliyeingia kumlisha mgonjwa, kumgeuza, na akifa, kumzika. Kila mtu alijua kwamba ndui haimrudii mtu iliyekwisha kumla. Kwa hiyo wenye alama waliwekewa kiti chenye mgongo, na kibuyu cha kwanza cha kwete kilikuwa chao kabla ya mwenye pombe mwenyewe. Ezati alikunywa vibuyu vya kwanza kuanzia Arua mpaka Oraba, na sikumbuki siku hata moja aliyosema ameshiba.

Kazi yake ilikuwa samaki wakavu. Aliwapakia kwenye baiskeli sokoni Arua akawaleta Koboko, na harufu yake ilitangulia kufika, ndipo yeye akafuata. Mwaka ule askari walipochukua serikali, harufu hiyo ilifika nyumbani kwa baba yangu, Mzee Adriko, ikaja kuniposa.

Nilikuwa na mposaji mwingine. Alikuwa karani wa Arua, mwenye uso laini na viatu vinavyong'aa, na alinukia sabuni. Mimi nilimpenda sana, yaani nilivipenda viatu. Lakini baba alikuwa ameshamzika mume wa dada yangu kwa ndui, na kabla yake ndugu zake wawili, na alikuwa ameapa mbele ya ukoo mzima kwamba binti yake wa mwisho ataolewa na mtu ambaye ndui imekwisha kumjua. Karani akaonekana ana uso safi mno. Ezati akaletewa kiti chenye mgongo.

Alikaa pale akieleza jinsi ndui ilivyompiga akiwa mtoto. Alisema mama yake alikwisha kuchimba kaburi. Alisema alikaa humo kaburini kwanza, kulipima, akaona halimfai akatoka. Baba alimsikiliza akimtazama mashavu kama mtu anayetazama muhogo sokoni. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko na wanawake wengine, tukisikiliza ukutani. Siku ile nikapewa Ezati. Niliambiwa nina bahati, na nikakubali, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Basi nikawa mke wa mtu aliyekataliwa na ndui. Majirani walimwita kila homa ilipoonekana. Mtoto akitoka surua, wanamwita Ezati. Mzee akivimba mashavu, wanamwita Ezati. Hapo ndipo alipokuwa mwalimu mkubwa. Aliwaeleza kwa upole kwamba mwili wake ulimjua ndui peke yake, na ugonjwa mwingine ni mgeni kwake kama ulivyo mgeni kwao, kwa hiyo aende mwingine yeyote, siyo yeye. Nimekuja kujua baadaye kwamba katika maneno yote aliyowahi kusema juu ya magonjwa, hilo la ugonjwa mgeni pekee lilikuwa kweli.

Wachanjaji nao walipita, mwaka hadi mwaka, na sindano zao zenye ncha mbili. Ezati aliwapokea kwa heshima, akawaonyesha mashavu, akawaambia wasiharibu dawa ya serikali kwa mtu ambaye mwenyewe ndui alimchanja. Wakacheka wakapita. Niliona tu kwamba kila walipofungua mikoba yao, mume wangu alianza kutoka jasho kwenye mdomo wa juu. Nikadhani ni joto.

Halafu ndugu yangu Adrabo akarudi kutoka Kaya.

Adrabo alikuwa amekwenda huko, ng'ambo ya mpaka, kununua ng'ombe. Alirudi bila ng'ombe, akiwa na homa na maumivu ya mgongo yaliyomfanya alie mbele ya watoto. Baada ya siku chache vikatoka vipele usoni na mikononi. Shangazi Asiya aliitwa kumtazama. Huyu alikuwa mjane wa jirani yetu, tulimwita shangazi kwa heshima, na uso wake ulikuwa umechimbwa kila mahali hata kope zilikuwa zimepotea. Aliinama mlangoni, akatazama mara moja, akasimama.

"Ni yeye," alisema. "Mimi najua yeye. Jengeni nyumba huko shambani."

Kibanda kikajengwa mbali kidogo na nyumba, Adrabo akapelekwa. Ripoti ikaenda Koboko, na kesho yake mchanjaji Marino akafika kutoka Arua kwa pikipiki, mtu mwembamba mwenye kofia, akaanza kuchanja kila aliyepumua. Shangazi Asiya naye akachanjwa. Alipouliza ya nini, Marino akasema amri ni kila mtu. Akainua mkono wake kama anayempa mtoto kitu cha kuchezea. Ezati alikuwa amekwenda kutafuta kuni, hakuonekana mpaka mkoba ulipofungwa.

Sasa, Adrabo alikuwa mtu mkubwa. Alikuwa mrefu kuliko mlango wa kibanda, na Shangazi Asiya alikuwa mzee mwenye uzito wa debe tupu. Angeweza kumlisha uji, lakini hakuweza kumgeuza wala kumnyanyua. Mgonjwa wa ndui asipogeuzwa, ngozi yake hubaki kwenye mkeka. Baba mwenyewe alikuwa na nyonga mbovu, akitembea kwa fimbo mbili. Alikaa kwenye kivuli cha ukuta, akaita watu wote, akasema mbele yao:

"Mkwe yangu Ezati iko. Ndui anajua yeye. Ataingia pamoja na Asiya."

Wote wakageuka kumtazama Ezati. Nami nikageuka, kwa fahari, nisikudanganye. Hatimaye vibuyu vyote vile vitafanya kazi. Mume wangu akasimama, akageuza uso upande wa mwanga kwa mazoea tu, akasema kwa sauti nzuri kabisa:

"Baba mkwe, mimi iko tayari. Nachukua tu blanketi."

Tulipoingia ndani, hakuchukua blanketi. Alikaa chini kwenye mkeka kama gunia lililokatwa kamba.

"Drateru," aliniambia, "hii uso ni mafuta."

Sikuelewa. Akanieleza. Mama yake alikuwa akikaanga mandazi sokoni Arua. Yeye alikuwa mtoto mdogo mwenye haraka, akaparamia jiko, karai likamrukia. Ndiyo ndui yote. Kaburi, mama analia, kutemwa, vyote vilitoka kwenye karai la mandazi.

Niliona moto machoni. Ningeweza kumpiga na mwiko uliokuwa mkononi mwangu, na kusema kweli nilimpiga nao, mara moja, begani. Nilimwambia atoke sasa hivi akaseme kweli mbele ya baba. Akasema hawezi. Nikamwambia atakufa. Akasema anajua. Nikamwuliza kwa nini basi alikwepa chanjo miaka yote, maana hata mwongo anaweza kuchanjwa. Akainamisha kichwa.

"Mimi naogopa sindano," alisema.

Huyo ndiye simba wangu. Mtu aliyejiweka kaburini akalipima, aliogopa kitu chembamba kama mwiba wa samaki. Na nje kulikuwa na kaka yangu anayeoza mgongo, na ukoo mzima unangoja, na mimi nilikuwa nimemzoea mume huyu, harufu na vyote. Nilimshika mkono nikamtoa kwa mlango wa nyuma kumtafuta Marino kabla hajaondoka na pikipiki yake.

Hatukuhitaji kumtafuta. Alikuwa nyuma ya ghala, peke yake, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Watu wote walikuwa wamekwisha kuchanjwa, mkoba ulikuwa umefungwa, lakini kichupa cha dawa kilikuwa wazi na sindano ilikuwa tayari mkononi. Nilifungua mdomo kuanza kusihi, na maneno ya kusihi nilikuwa nimeyapanga vizuri. Hakuyangoja.

"Lete paja," alisema. "Mkono watu wataona."

Nilikuwa na hofu mno, sikuweza hata kushangaa. Ezati akateremsha suruali, akafumba macho, akaniuma kidole changu badala ya kulia. Marino akamchomachoma paja la kushoto. Alipomaliza akatuambia kwa sauti ya chini kwamba dawa haifanyi kazi leo wala kesho. Mwili unaanza kujifunza sasa, alisema, na ndui ya kule kibandani haitangoja umalize. Ikiwa dawa itawahi, ataishi. Ikiwa ndui itawahi, basi.

"Bado unaweza kukataa kuingia," akamwambia.

Ezati alivuta suruali yake. Alikuwa amekuwa wa rangi ya majivu. Akaenda mbele ya nyumba, akapita katikati ya watu wote na blanketi begani, akaingia kibandani kwa Adrabo. Watu wakasema, tazama mtu asiye na wasiwasi. Sasa mwiteni shujaa mkitaka. Mimi niliyeumwa kidole nyuma ya ghala nasema aliingia kwa sababu aliona haya zaidi kuliko alivyoogopa kufa, na kama kuna jina la kitu hicho, tafuteni wenyewe.

Siku zilizofuata nilipika uji na kuuweka kwenye jiwe katikati ya shamba, kisha nikarudi nyuma ili mmoja wao aje kuuchukua. Hivyo ndivyo nilivyomwona mume wangu, kwa mbali, mara mbili kwa siku. Kila mara nilimtazama uso kuona kama kuna kipele kipya, na kwa uso ule, mtajuaje?

Mwanzoni alikuja akitembea vizuri. Shangazi Asiya alikuja akijikuna mkono. Siku ya pili alikuwa bado anajikuna, na kulikuwa na kidoa chekundu mahali pa sindano. Kisha kikapotea, akasahau kwamba aliwahi kuchanjwa. Ezati ndipo alipoanza. Kwanza akawa anachechemea. Halafu akaja ameshika kinena, na macho yana homa. Siku moja hakuja kabisa. Shangazi Asiya akaniita kutoka ng'ambo ya jiwe.

"Bwana yako iko na moto," alisema. "Paja imevimba, iko na lengelenge mukubwa. Na mtoki. Nimeona mutu mingi ya ndui, mimi hapana ona ndui anaanza kwa paja." Kisha akanitazama kwa macho yake yasiyo na kope, akaongeza, "Nyinyi wawili nafikiri mimi ni mjinga."

Nilikaa chini pale pale kwenye mihogo nikalia, kwa hasira na kwa hofu, na sikujali nani ananiona. Sikujua kama homa ile ni ya dawa au ya ndui yenyewe.

Marino alirudi kukagua mikono. Kwangu alisimama kirefu kidogo, na alipohakikisha hakuna mtu karibu, nikamweleza. Akacheka. Nikamwambia kama ana jambo la kuchekesha anigawie.

"Hiyo ni nzuri," alisema. "Angalia mama Asiya. Zamani ndui alipigana na yeye. Ndani ya mwili iko askari. Vita naisha, mingi nakufa, lakini kidogo nabaki, nazeeka pamoja na yeye, nakumbuka sura ya adui. Mimi naweka dawa, wao naona sura ile, siku moja naruka, nasafisha, nalala. Ndiyo maana anajikuna tu. Bwana yako hapana na askari wa zamani. Wake ni wapya, nafundishwa leo kushika bunduki. Kwa hiyo kelele mingi, homa, lengelenge. Lakini wakimaliza, watakumbuka."

Nikafikiri jambo hilo njiani. Kila muuza kwete anaelewa. Mlevi akija mara ya kwanza, utamkaribisha, utamcheka, mpaka avunje mtungi ndipo ujue ni nani. Akirudi mwaka unaofuata, unamtambua kwa kikohozi tu, naye hafiki mlangoni. Mwili wa Shangazi Asiya ulikuwa mwanamke mwenye kilabu. Mwili wa mume wangu ulikuwa bado unamkaribisha mgeni na kumwuliza habari za nyumbani.

Dawa iliwahi. Homa ikashuka, lengelenge likawa kigaga, na vipele havikutoka. Wakati wote huo, kwa homa na kuchechemea, alimgeuza Adrabo asubuhi na jioni, akamnyanyua kwenda haja, akamtoa nzi usoni. Adrabo akapona. Alitoka kibandani mwembamba, uso umechimbwa kama wa Shangazi Asiya, jicho moja limefifia, lakini kwa miguu yake. Kibanda kikachomwa moto na mkeka ndani.

Mnadhani Ezati alijifunza kunyamaza? Kuanzia siku hiyo alikuwa hashikiki. Sasa alikuwa na hadithi mbili. Kuchechemea kulikuwa kwa sababu alianguka na baiskeli, homa ilikuwa malaria, na ndui alimkuta kibandani akamtambua, akamwomba msamaha. Alisema hivyo mbele ya baba, na baba akamwongezea kwete. Shangazi Asiya alitazama pembeni. Mimi nilibeba siri hiyo kama mzigo wa kuni, nikiogopa siku baba atakapojua kwamba alimtoa binti yake wa mwisho kwa karai la mandazi.

Miaka ikapita hivyo mpaka serikali ya askari ikaanguka. Hapo nyumbani kwetu, alikotoka mkuu wa askari hao, palikuwa mahali pabaya pa kuwa na nyumba. Jeshi jingine lilikuwa linakuja kutoka kusini, na kila mwenye miguu alielekea mpakani. Tulikwenda kupitia Oraba. Ezati aliondoa kikapu cha samaki kwenye baiskeli akamkalisha baba juu ya karia, fimbo zake mbili magotini, akaisukuma. Adrabo alibeba sufuria, mimi mtoto wetu na unga.

Upande wa pili, Kaya, alikaa mtu wa afya chini ya turubai. Redio ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba ndui haionekani tena popote duniani. Habari hiyo, kama habari nyingine njema, ilikuwa bado haijafika Kaya. Mtu wa afya alitaka alama ya chanjo, na asiye na alama alirudishwa.

Alimtazama Adrabo usoni tu akampitisha. Mimi nikafunua mkono wangu na wa mtoto. Baba akafunua wake. Kisha Ezati akajisogeza, akageuza uso upande wa mwanga.

Yule mtu akainuka. Akamshika kidevu, akamtazama Adrabo tena, akamtazama yeye.

"Ile ni ndui," alisema kwa sauti ya chini. "Hii ni jikoni. Wewe onyesha chanjo ao rudi."

Mume wangu hakusogea. Kwetu mtu hakai hata bila shati mbele ya baba mkwe, na huyu alitakiwa kuteremsha suruali. Na akiteremsha, uongo wote unateremka nayo. Nilimtazama nikaona tayari ameanza kugeuza magoti kurudi Oraba. Alikuwa anarudi kwenye bunduki. Ningeweza kumwua mimi mwenyewe, nikawapunguzia kazi.

Baba aliniita nimsogelee pale juu ya baiskeli. Nilidhani anataka maji.

"Ambia Adrabo ageuze baiskeli, mimi naangalia barabara," alininong'oneza. "Halafu ambia bwana yako aonyeshe. Ni paja ya kushoto."

Nilibaki nimeshika usukani.

"Baba, umejuaje?"

"Mimi nilituma Marino nyuma ya ghala," alisema. "Ulifikiri amekaa juu ya kinu kwa kupumzika?"

Kwa hiyo alijua. Alikuwa amewaosha ndugu zake wawili waliokufa kwa ndui, akajua alama zake kama ninavyojua vidole vyangu, na mashavu yale ya mafuta aliyajua tangu dakika ya kwanza kwenye kiti chenye mgongo. Nilisikia hasira yangu yote ya miaka saba ikinipanda. Nikamwuliza, basi alimwingizaje mume wangu kwa Adrabo akijua hana kitu mwilini.

"Adrabo ni mtoto yangu," alisema. "Nikatuma dawa kwanza. Hiyo ndiyo nilikuwa nayo."

"Na mimi? Ulikuwa umeapa. Kwa nini ulinipa mwongo?"

"Siku ile anasema mambo ya kaburi," alisema baba, "mimi nataka kufukuza yeye. Halafu nasikia mutu anacheka nyuma ya jiko. Tangu mama yako alikufa, mimi hapana sikia wewe kucheka."

Adrabo akaigeuza baiskeli. Baba akaangalia barabara ya Oraba, ambako hakukuwa na kitu ila vumbi na watu. Nyuma yetu mkanda ukafunguliwa, ukafungwa, na mtu wa afya akasema pita.

Ezati akaja, amejaa jasho kwenye mdomo wa juu, akaushika usukani.

"Mzee ameona?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Hajaona kitu," nikamwambia.

Akanyoosha mgongo. Hatujafika hata kwenye mti wa kwanza akaanza kumweleza baba kwamba yule mtu wa afya alikuwa hajawahi kuona ndui kali namna hii, ndiyo maana alimshika kidevu kwa muda mrefu. Baba alikuwa ameshika tandiko kwa mikono miwili. Akamwambia aeleze tena ile ya kaburi.